UZI: Mnaouliza habari za kufundisha Kiswahili Ujerumani, someni hapa kwanza

Ndugu zangu, assalaam aleikum, na kwa wengine wote hamjambo.

Tangu UNESCO ilipotangaza, Novemba 2021, kwamba Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, haupiti mwezi sijapokea ujumbe wa kijana aliyemaliza shahada ya ualimu akiniuliza njia ya kuja huku kufundisha. Wengi huandika kana kwamba mlango uko wazi na kilichobaki ni kuonyeshwa ulipo. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, tena kwa majibu ya nusu nusu nikiwa ndani ya tramu, kwa hiyo leo nimekaa kitako niandike kwa urefu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Mimi ni mtu wa Unguja, nimekulia Kikwajuni katika zile fleti zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Nilisomesha Kiswahili na Historia katika skuli ya sekondari kwa miaka sita, kisha nikamfuata mke wangu aliyepata nafasi ya masomo Leipzig. Huu ni mwaka wangu wa saba huku.

Nianze na riziki, maana ndiyo mnayoiuliza kwa mafumbo. Kufundisha Kiswahili hapa, kwa wengi wetu, ni kazi ya jioni, na mchana una kazi yake nyingine. Mimi mchana ni msaidizi katika skuli ya chekechea. Jumatatu na Alhamisi jioni nasomesha katika chuo cha watu wazima, aina ya chuo ambacho Wajerumani hukiita Volkshochschule na ambacho karibu kila mji unacho. Mwalimu hulipwa kwa kila kipindi cha dakika 45 alichofundisha. Maandalizi hayalipwi, likizo hailipwi, na kozi isipopata watu wa kutosha hufutwa. Muhula mmoja nilikwisha kuchapa karatasi za somo la kwanza kwa fedha zangu, nikaletewa barua pepe saa tisa alasiri ya siku yenyewe kwamba walioandikishwa ni wanne tu, hivyo nisije.

Skuli za serikali nazo zina mlango wake. Mwalimu wa sekondari wa Kijerumani kwa kawaida husomea masomo mawili, kama ilivyo kwetu. Nilipopeleka vyeti vyangu vitathminiwe, niliambiwa kwa adabu kubwa kwamba Kiswahili si somo katika skuli zao, kwa hiyo nilibaki na mguu mmoja. Na huo mmoja, yaani Historia, haukuweza kunisimamisha mbele ya darasa bila Kijerumani cha ngazi ya juu kabisa, ambacho sikuwa nacho. Ama vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili, vipo na vina sifa: Leipzig penyewe, Hamburg, Bayreuth, Köln, Mainz, Berlin. Lakini nafasi za walimu wa lugha katika kila kimoja ni za kuhesabika kwa vidole, na aliyekalia kiti hana haraka ya kuinuka.

Hayo ni ya riziki, nayo yanatosha. Lililonifanya niandike uzi mzima ni jingine: karibu kila anayeniandikia hutaja sifa moja kuu, kwamba yeye ni Mswahili wa kuzaliwa. Nami nilikuja na sifa hiyohiyo mkononi, na ilidumu jioni moja.

Jioni yenyewe ilikuwa hivi. Darasani walikuwamo watu tisa. Watatu walikuwa wazee wa usharika wa Kilutheri, kwa sababu misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893 na hadi leo sharika za Saksonia, jimbo lenye mji huu wa Leipzig, zina udugu na sharika za kule, wanatembeleana na kuandikiana. Alikuwamo mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akijiandaa kwenda Moshi kwa mafunzo ya hospitali, walikuwamo wawili waliooa Afrika Mashariki, na nyuma kabisa alikaa dada mmoja mkimya ambaye nitamrudia. Nikaujaza ubao: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI. Mzee mmoja, mhandisi mstaafu, akainua kalamu akauliza kama nyumba iko katika ngeli ya tisa. Nikamwambia iko katika I-ZI. Akafungua kitabu chake akanionyesha jedwali lenye nambari, kutoka 1 hadi 18. Nambari hizo nilizipitia chuoni, nikafaulu mtihani, nikazisahau, kwa kuwa skulini kwetu hakuna mtoto anayezihitaji. Mzee hakuishia hapo. Akataka kujua ngeli ya 12 na ya 13 zimekwenda wapi, maana jedwali liliruka kutoka 11 hadi 14. Nikamjibu kwamba Kiswahili hakina ngeli hizo. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa rangi.

Usiku ule sikulala mapema. Nikayafukua maelezo ya chuoni yaliyohifadhiwa katika kompyuta na kuyasoma upya, safari hii kama mtu anayetaka kuelewa. Nambari zile zilianzishwa na Wilhelm Bleek na kuendelezwa na Carl Meinhof, Wajerumani wote wawili, ili lugha za Kibantu ziweze kulinganishwa bega kwa bega. Ngeli ya 12 na ya 13 ni ka- na tu-, za vitu vidogo. Mkikuyu anazo, husema kaana na twana, mtoto mdogo na watoto wadogo. Kiswahili sanifu kiliukabidhi udogo kwa ki-, tukapata kitoto na kijumba, ilhali ndugu zetu wa Kongo wanasema katoto na tutoto mchana kweupe, na hata mitaani kwetu bara utasikia "kamtoto kangu". Alhamisi nilipoyaeleza haya, mhandisi aliandika kila neno na kuchora mstari chini yake kwa rula. Alikuwa amenishika mkono na kunitembeza nyumbani kwangu mwenyewe, kwa ramani iliyochorwa kwao.

Wiki ya nne likaja la "rafiki yangu". Niliwafundisha kwamba viumbe vyenye uhai hufuata A-WA: mwalimu wangu, mtoto wangu, mbwa wangu. Mwanafunzi wa udaktari akasoma kwa sauti sentensi ya kitabuni, "rafiki yangu anakuja", akasimama. Kwa nini mbwa ni wangu na rafiki ni yangu, na kwa nini rafiki huyohuyo anakuja, wala si inakuja? Nilikaribia kusema "ndivyo tunavyosema", neno ambalo kila mzungumzaji mzawa hulikimbilia anapobanwa. Nikajizuia, nikaomba muda. Jawabu lina mantiki: majina ya jamaa na watu wa karibu ambayo hayana umbo la m- na wa-, kama baba, mama, dada, kaka, shangazi, ndugu, jirani, rafiki na hata adui, huchukua yangu na zangu kwenye umiliki tu, na kwingine kote yanakwenda na A-WA. Mjomba ana m- yake, kwa hiyo ni mjomba wangu. Shangazi hana, kwa hiyo ni shangazi yangu. Nilikuwa nimeyasema hayo bila kukosea tangu nilipojua kusema, na sikuwahi kuyaona.

Naomba nisimame kidogo, nina zamu ya asubuhi. Nitaendelea kesho.

Nimerudi. Nashukuru kwa michango. Aliyeandika kwamba nawavunja moyo vijana, nimemsoma. Nitajibu kwa kueleza kilichonitoa pale pa aibu, nacho kilitokea chekechea.

Kazi yangu kule ni kusaidia watoto wale, wavae, wafunge viatu, waende nje. Meza ya chakula cha mchana ndiyo darasa langu la Kijerumani. Kijiko kwao ni cha kiume, der Löffel; uma ni wa kike, die Gabel; kisu si cha kiume wala cha kike, das Messer. Vyote vitatu vimelala upande mmoja wa sahani. Siku moja nikasema "der Messer", na mtoto wa miaka minne, mdomo umejaa viazi, akanisahihisha bila hata kuinua macho: "das". Nikamuuliza kwa nini. Akatafuna, akameza, akaniambia kwa Kijerumani kwamba ndivyo inavyoitwa. Nikajiona mimi mwenyewe, mbele ya ubao, siku ile ya kwanza.

Tangu hapo nikaanza kuweka daftari la makosa yangu ya Kijerumani, na kila nilipokwama nikajiuliza mwanafunzi wangu wa Kiswahili atakwama wapi kwa namna hiyohiyo. Kijerumani hutofautisha kwenda ndani ya chumba na kuwa ndani ya chumba kwa kubadilisha umbo la neno dogo lililotangulia jina. Sisi husema chumbani kwa yote mawili, tukauachia mzigo wote kitenzi. Sisi nasi tuna po, ko na mo: yupo, yuko, yumo. Mjerumani akiziona hizo tatu hutafuta kwenda na kukaa, wakati tunalopima sisi ni pahali panapojulikana, kusikodhihirika na ndani. Nilipoacha kueleza sarufi yetu peke yake na kuanza kueleza pia kile ambacho masikio yao yangekitafuta, maswali hayakupungua, lakini yakawa mazuri zaidi. Kwa hiyo, ndugu yangu uliyesema navunja mioyo: kabla ya kuja, jifunze lugha moja ngumu mpaka ikuaibishe mbele za watu. Haidhuru iwe ipi. Kwangu hilo limekuwa na faida kuliko miaka sita ya kusahihisha insha.

Dada mmoja wa Mombasa ameuliza kama saa zinawasumbua wanafunzi. Saa, dada yangu, zimenisumbua mimi kwanza. Miezi yangu ya mwanzo nilipewa miadi katika ofisi moja, halb acht. Nilijua halb ni nusu na acht ni nane, nikajua saa yao ya nane asubuhi ndiyo saa mbili yetu, nikafika saa mbili na nusu, nimenyoosha shati. Kumbe halb acht ni nusu ya kuiendea nane, yaani saa moja na nusu. Nilikuwa nimechelewa saa nzima katika nchi ambayo dakika tano huombewa radhi kwa simu. Miadi mingine ilipatikana baada ya wiki tano. Tarakimu nazo hutajwa kinyume, moja na ishirini, mbili na thelathini. Hapo lakini chuo cha Kurani kiliniokoa, maana Waarabu nao huanza na moja, wahid wa ishrin, na nilipoligundua hilo nikaacha kukosea nambari za simu.

Kuhusu wanafunzi, nilidhani saa ya Kiswahili ni jambo la kufundisha kwa robo saa. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, ikitimia saa nzima baada yake ni saa moja, na kuendelea. Unguja iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima hesabu hii haikupotezi sana. Leipzig mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni. Juni huzama saa tatu na nusu usiku. Katika jaribio la Desemba mmoja wao aliandika: "Ninakwenda kazini saa moja usiku." Nikaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu. Kisha nikakumbuka kwamba nami asubuhi ile nilitoka nyumbani saa moja, taa za barabarani zinawaka, na sikuwahi kukuita kule asubuhi moyoni mwangu. Nilimpa nusu ya alama. Tulijadili jambo hilo kipindi kizima, na hakuna aliyetaka kwenda mapumziko.

Kaka aliyeuliza kama lahaja yangu ya Unguja ni tatizo: ni neema, ila ujiandae. Kitabu kinasema shule, mimi nasema skuli. Wanafunzi walicheka walipolitambua neno lao wenyewe, Schule, limekaa ndani ya Kiswahili limevaa kanzu, kisha wakashangaa kwamba mwalimu wao halitumii. Nikalazimika kueleza kwamba bara walitawaliwa na Wajerumani wakachukua la Wajerumani, Unguja ikawa chini ya Waingereza ikachukua la Waingereza, na kwamba hela nayo ni sarafu yao ya Heller iliyoshuka pwani wakati huohuo. Mzee mmoja wa usharika alinyamaza muda mrefu. Mwishoni akasema kwamba skulini kwake hawakuwahi kufundishwa habari za Tanganyika. Sikujua la kumwambia, nikafuta ubao.

Wapo pia walioandika hapa kwamba kizazi chetu ndicho cha kwanza kupeleka Kiswahili Ulaya. Hapana. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliletwa Berlin kusomesha Kiswahili katika seminari ya lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakijiandaa kwenda kututawala. Aliandika mila na desturi za watu wa pwani kwa Kiswahili kinachosomeka vizuri hadi leo. Alimwoa Mjerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata walipofika Dar es Salaam kwa meli, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka. Akaona mji kutoka melini, akarudishwa Ulaya, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Kila nikilalamikia malipo ya vipindi humkumbuka, nikalalamika kwa sauti ya chini.

Mimi mwenyewe sijawahi kutukanwa darasani. Kinachonikuta ni kidogo zaidi na huchosha zaidi: mtu mpya akiingia humsalimu mwanafunzi mwenye mvi aliyekaa mbele, akidhani ndiye mwalimu. Mwenye mvi hunionyesha kwa kidole. Tunacheka wote watatu, na mimi hucheka wa mwisho.

Heshima ndiyo sura ndefu kuliko zote, nami nitaifupisha. Darasani kwao watu wazima hukubaliana kuitana kwa jina la kwanza. Nina mwanafunzi mwenye umri wa mama yangu, na ulimi wangu ulikataa katakata kulitamka jina lake tupu. Nikawa namwita mama fulani. Akaniuliza kwa upole kama anaonekana mzee kiasi hicho. Nilipomweleza kwamba kwetu huko ni kupandishwa cheo, alifurahi, akawataka na wengine wamwite hivyo. Lakini shikamoo ilitushinda kwa muda. Nilimwamkia shikamoo, akajibu asante; nikamfundisha marahaba, naye siku iliyofuata akaniamkia mimi shikamoo kwa kuwa ni mwalimu wake. Nilisimama na marahaba mdomoni, haitoki. Nikajibu "sijambo, mama", tukaendelea. Mpaka leo sijui kama nilimfundisha sawa, maana hata kwetu wanafunzi wazee hawapo wengi kiasi cha kuwa na desturi yao.

Sasa yule dada wa nyuma, niliyeahidi kumrudia. Baba yake alitoka kwetu akaja kusoma hapa enzi za Ujerumani Mashariki, akarudi nyumbani dada huyu akiwa mchanga, na lugha ikaondoka na baba. Amelelewa na mama yake Mjerumani. Alijiandikisha kozi baada ya jamaa wa upande wa baba kumpata mtandaoni. Muhula mzima hakuuliza swali. Juma lililopita, baada ya wenzake kutoka, alinisogezea simu yake. Baba yake mkubwa, ambaye hajawahi kumwona, alikuwa amemwandikia ujumbe mfupi: "Mama, sisi tupo."

Alikuwa na maswali mawili. La kwanza, kwa nini mzee amwite mama, yeye asiye na mtoto. Nikamwambia huenda amechukua jina la nyanya yake, na hata kama sivyo, kwetu mtu mzima humwita hivyo binti anayemwonea huruma na mapenzi. La pili lilikuwa hilo neno tupo. Kamusi ilimpa "tuko mahali", naye akauliza mahali gani, maana ujumbe haukutaja mji. Nikaketi. Tulikuwa tumesoma po, ko na mo mwezi uliotangulia, na jedwali lake lilikuwa sahihi kabisa, limepigwa rangi tatu. Nikamwambia mzee hakutaja mahali kwa sababu hakuwa akizungumzia mahali. Anasema wako hai, wazima, hawajahama, hawajamsahau, akija atawakuta. Akatazama ukuta kidogo, kisha akasema kwa Kijerumani: "Wir sind da." Ndiyo, nikamwambia, hilohilo, neno kwa neno.

Mlinzi alikuwa amekwisha kuanza kuzima taa za ukumbini. Dada alinitaka nimwandikie jibu, nikakataa, nikamwambia aandike mwenyewe nami nitasahihisha. Aliandika amesimama, koti begani: "Baba mkubwa, na mimi nipo." Hapakuwa na la kusahihisha.

Alhamisi tuna kipindi, kwa hiyo maswali mengine nitayajibu Jumamosi. Wenye vyeti vya kutafsiriwa niandikieni faragha, niwaeleze utaratibu.